Jenerali Håkan Syrén na milango ya bahari ya Stockholm

Afisa aliyefunzwa kulinda miamba ya pwani ya nchi yake ndiye aliyekabidhiwa jukumu la kuyageuza majeshi ya Sweden yaiangalie dunia ya mbali. Makala hii inafuatilia safari ya Jenerali Håkan Syrén, kutoka visiwa vya Bahari ya Baltiki hadi katika masuala ya Somalia, Uganda na Bahari ya Hindi, na inauliza nchi inapoteza nini inapoamini kwamba bahari yake imetulia.



Mtu anayeingia Stockholm kwa meli kutoka Bahari ya Baltiki hauoni mji huo mara moja. Kwa saa kadhaa chombo hupita katikati ya visiwa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya visiwa karibu 30,000, vingine vikubwa vyenye mashamba na vijiji, vingine majabali matupu yanayochungulia juu ya maji. Kwa mtalii hiyo ni mandhari ya kupendeza. Kwa nahodha ni njia finyu zenye miamba iliyojificha. Na kwa afisa wa ulinzi wa pwani, visiwa hivyo ni ukuta wa mji wenye milango michache, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna mgeni anayeupita mlango bila kubisha hodi.

Fikra hiyo ni ya kale. Katikati ya karne ya 16 Mfalme Gustav Vasa aliamuru ngome ijengwe Vaxholm, kaskazini mashariki ya Stockholm, na mwaka 1544 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wake. Mlango mwingine mkubwa wa bahari uliokuwa jirani, uitwao Oxdjupet, ulizibwa kwa mawe ili kila meli kubwa ilazimike kupita mbele ya mizinga ya Vaxholm. Wasikilizaji wetu wa Mombasa wataitambua hila hiyo bila taabu. Miaka kama 50 baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu juu ya jabali la matumbawe, nao walikuwa na shabaha hiyo hiyo, yaani kuiweka njia ya bandari chini ya midomo ya mizinga.

Mwaka 1612 meli za Mfalme wa Denmark zilifika Vaxholm na kurudishwa. Lakini mwaka 1719, vita virefu kati ya Sweden na Urusi vilipokuwa vinakaribia kumalizika, Warusi walikuja kwa mashua nyepesi za makasia zilizoweza kupenya mahali ambapo meli kubwa haziwezi. Miji ya pwani kama Norrtälje, Södertälje, Nyköping na Norrköping iliteketezwa kwa moto. Tarehe 13 Agosti mwaka huo walizuiwa Stäket, kwenye mkondo mwembamba unaoelekea mji mkuu. Kumbukumbu ya kiangazi hicho haikufutika. Tangu hapo kila kizazi cha wanajeshi wa Sweden kilifundishwa kwamba adui wa Stockholm huja kwa njia ya maji, na kwamba huja kwa njia ambayo haikutazamiwa.

Karne ya 19 ilileta meli za chuma na mizinga yenye nguvu zaidi. Mlango wa Oxdjupet ukafunguliwa tena ili upitishe vyombo vikubwa, na pembeni yake, kwenye kisiwa cha Rindö, ikajengwa ngome mpya ya Oscar-Fredriksborg katika miaka ya 1870. Hatimaye, tarehe 1 Januari mwaka 1902, Sweden iliunda tawi maalumu la jeshi lililoitwa Kustartilleriet, maana yake mizinga ya pwani.

Tawi hilo lilikuwa na tabia ya pekee. Kiutawala lilikuwa sehemu ya jeshi la majini, lakini maafisa wake walibeba vyeo vya jeshi la nchi kavu, kama vile kapteni, meja na kanali. Katika karne ya 20, na hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, walichimba ndani ya majabali ya visiwani. Juu ya mwamba lilionekana turubali la rangi ya mawe tu. Chini yake kulikuwa na mzinga, ghala la risasi, jiko, vitanda na mashine za umeme. Mizinga ya mwisho ya aina hiyo, ya milimita 120, ilitengenezwa katika miaka ya 1970 ikiwa imekingwa hata dhidi ya silaha za nyuklia.

Pamoja na mizinga kulikuwa na mabomu yaliyotegwa chini ya maji na kuunganishwa kwa nyaya hadi pwani. Mabomu hayo hayakulipuka yenyewe. Askari alikaa kisiwani akiangalia na kusikiliza, na adui alipofika juu ya mstari wa mabomu ndipo alipobonyeza kitufe. Kwa hiyo mlinzi wa pwani wa Sweden alipaswa kujua kila mkondo, kila kina cha maji na kila sauti ya injini inayopita. Elimu hiyo haipatikani kwa kusoma kitabu msimu mmoja. Hupatikana kwa kukaa mahali pamoja miaka mingi, kama vile nahodha wa jahazi wa Lamu anavyozijua kasa na mikondo ya pwani yake.

Håkan Syrén, aliyezaliwa mwaka 1952, aliingia katika kazi hiyo akiwa kijana na kuanza uafisa katika miaka ya 1970. Wakati huo Sweden haikuwa mwanachama wa jumuiya yoyote ya kijeshi. Ilisimama katikati, upande mmoja nchi za Magharibi, upande wa pili Muungano wa Kisovieti. Karibu kila kijana wa kiume aliitwa kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, na vita vikitokea, nchi hiyo yenye watu wapatao milioni 8 ingeweza kuwaita laki kadhaa ya wananchi kushika silaha. Mpango ulikuwa mmoja tu: adui akija kuvamia, azuiwe baharini, na asipozuiwa huko azuiwe ufukweni.

Mpango huo ulijaribiwa usiku wa tarehe 27 Oktoba mwaka 1981. Nyambizi ya Kisovieti ilipanda mwamba katika maji ya ndani ya Sweden, si mbali na Karlskrona, bandari kubwa ya jeshi la majini kusini mwa nchi. Asubuhi wavuvi waliiona imelala juu ya maji kama nyangumi aliyekupwewa. Nahodha wake alidai kwamba vyombo vyake vya kuongozea njia viliharibika. Maafisa wa Sweden waliona ni shida kuamini kwamba chombo kilichopotea kingeweza kupita salama katika mikondo yenye kona nyingi namna ile.

Ikaja hofu kwamba meli za kivita za Kisovieti zingeingia kwa nguvu kuiokoa. Wakati mmoja mitambo ya rada ilionyesha vyombo viwili vikielekea mpakani. Waziri Mkuu Thorbjörn Fälldin alipopigiwa simu na Mkuu wa Majeshi alijibu kwa amri fupi ambayo Waswidi wanaikumbuka hadi leo: ulindeni mpaka. Mizinga ya pwani ikawekwa tayari. Baadaye ikabainika kuwa vyombo vile vilikuwa meli za mizigo za Kijerumani. Siku chache baadaye Fälldin alitangaza kwamba vipimo vya wataalamu vimeonyesha kuna uwezekano mkubwa nyambizi ile ilikuwa na silaha za nyuklia. Tarehe 6 Novemba ilivutwa na kurudishwa kwa wenyewe.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1982, msako mwingine ulifanyika katika ghuba ya Hårsfjärden, kusini mwa Stockholm, karibu kabisa na kituo cha jeshi la majini cha Muskö. Mamia ya waandishi wa habari kutoka nchi nyingi walikusanyika wakingoja nyambizi itokeze. Mabomu ya chini ya maji yaliyokuwa chini ya mizinga ya pwani yalilipuliwa karibu na kisiwa cha Mälsten. Hakuna kilichoibuka. Tume ya mwaka 1983 iliwanyooshea kidole Wasovieti. Uchunguzi ulioongozwa na Balozi Rolf Ekéus na kutolewa mwaka 2001 ulisema haiwezekani kuthibitisha wageni wale walikuwa wa taifa gani. Ubishi huo haujaisha, lakini kwa kizazi cha maafisa wa umri wa Syrén somo lilikuwa bayana. Mlango usiolindwa hupitwa, na anayepita haachi jina.

Kisha, mpenzi msikilizaji, mambo yaligeuka kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989, na Muungano wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991. Estonia, Latvia na Lithuania, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Baltiki, zikawa nchi huru. Sweden yenyewe ikajiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995. Wanasiasa mjini Stockholm walianza kuuliza swali lililokuwa na mantiki ya wakati ule: kwa nini tuendelee kuwalipia watu wanaokaa ndani ya majabali wakimngoja adui aliyekwisha kutoweka?

Walinzi wa pwani wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza kubadilika. Mbali na mizinga isiyohama, waliunda vikosi vya askari wa majini wanaotua visiwani kwa mashua za kasi. Mashua mashuhuri zaidi, iitwayo Stridsbåt 90, ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hupita katika maji yenye kina kifupi sana, mwendo wake huzidi maili 40 za baharini kwa saa, na hupandisha askari ufukweni kwa mlango wa mbele. Katikati ya mwaka 2000 jina la Kustartilleriet lilifutwa baada ya miaka 98. Palipokuwa na mizinga ya pwani pakabaki kikosi kidogo cha askari hao wa mashua. Majabali yalifungwa, mizinga mingi ikaondolewa, na vituo vingine, kama kile cha Arholma kaskazini ya Stockholm, baadaye vikawa makumbusho ya kutembelewa na watalii.

Katika hali hiyo ndipo nyota ya Syrén ilipong'ara. Alikwisha kuongoza idara ya ujasusi na usalama wa kijeshi, na tarehe 1 Januari mwaka 2004 alikabidhiwa wadhifa wa Mkuu wa Majeshi akiwa na cheo cha jenerali. Wadhifa huo ulikuwepo tangu mwaka 1939, na wote waliomtangulia walitoka jeshi la nchi kavu au jeshi la anga. Syrén alikuwa wa kwanza kutoka upande wa bahari, na alitoka katika tawi ambalo lilikuwa limefutwa chini ya miaka minne kabla.

Hapo ndipo penye kitendawili cha maisha yake ya kikazi. Mtu aliyelelewa katika ulinzi wa pwani alitakiwa asimamie mageuzi makubwa kuliko yote, ambayo yaliuweka ulinzi wa ardhi ya nyumbani nyuma ya shughuli za nchi za nje. Mwezi Desemba mwaka 2004 Bunge la Sweden lilipitisha uamuzi uliofunga kambi nyingi. Kikosi cha askari wa majini cha Göteborg, pwani ya magharibi, kilikuwa miongoni mwa vilivyovunjwa. Kisiwa cha Gotland, kilichoko katikati ya Bahari ya Baltiki na ambacho kila afisa wa pwani alikihesabu kuwa ufunguo wa bahari hiyo, kilipoteza kikosi chake cha kudumu mwaka 2005.

Ni haki kusema kwamba uamuzi huo haukuwa wa jenerali mmoja. Katika nchi ya kidemokrasia Bunge na serikali ndio wenye kauli juu ya fedha na ukubwa wa jeshi, na Mkuu wa Majeshi hutoa ushauri kisha hutekeleza. Aidha, fikra ya kupeleka askari nje haikuwa ngeni. Wasikilizaji wetu wa Kongo hawahitaji kukumbushwa kwamba wanajeshi wa Sweden walikuwako Katanga chini ya Umoja wa Mataifa kati ya mwaka 1960 na 1964, wala kwamba Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, raia wa Sweden, alifariki tarehe 18 Septemba mwaka 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akiwa katika juhudi za kuusuluhisha mgogoro huo.

Na ni Kongo hiyo hiyo iliyochangia kuzaa mageuzi ya zama za Syrén. Kati ya Juni na Septemba mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipeleka kikosi huko Bunia, katika wilaya ya Ituri, kuwalinda raia waliokuwa wakiuawa katika mapigano ya makundi yenye silaha. Ufaransa iliongoza, na makomando wa Sweden walikuwemo. Operesheni ile ya miezi mitatu iliwashawishi viongozi wa Ulaya kwamba wanahitaji vikosi vidogo vilivyo tayari kuondoka kwa taarifa ya siku chache. Sweden ikakubali kuongoza kimojawapo, pamoja na Finland, Norway, Estonia na Ireland. Kikosi hicho chenye askari wapatao 2,800, wengi wao wakiwa Waswidi, kilikaa tayari katika nusu ya kwanza ya mwaka 2008. Hakikuitwa popote. Hata hivyo maandalizi yake yalibadilisha namna ambavyo jeshi zima la Sweden lilifunzwa na kupewa vifaa.

Mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo lingemfanya mlinzi wa pwani wa zamani asugue macho. Umoja wa Ulaya ulipeleka wanajeshi mashariki mwa Chad kuwalinda wakimbizi waliotoka Darfur. Sweden ilichangia askari wapatao 200, na kiini chao walikuwa wanajeshi wa kikosi cha majini, wakiwemo makomando wa pwani ambao tawi lao lilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya kupigana visiwani. Chad haina bahari. Watu waliofunzwa kusoma mawimbi wakajikuta wakisoma nyayo za magari mchangani.

Wakati huo fedha zilizidi kupungua. Tarehe 5 Septemba mwaka 2007 Waziri wa Ulinzi Mikael Odenberg alijiuzulu kwa kupinga mpango wa Wizara ya Fedha wa kukata mabilioni ya krona katika bajeti ya ulinzi. Si jambo la kawaida mjini Stockholm waziri kuacha kiti chake kwa sababu hiyo, na Syrén alibaki akiendesha jeshi lililotakiwa kufanya mengi zaidi kwa fedha kidogo zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2008 vita vilizuka kati ya Urusi na Georgia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wadadisi wa mambo wa Sweden walianza kuitazama tena ramani ya Baltiki kwa wasiwasi.

Lakini bahari iliyowaita wakati huo ilikuwa nyingine. Somalia ilikuwa haina serikali yenye nguvu tangu mwaka 1991. Jeshi lake la majini lilisambaratika pamoja na dola. Meli za uvuvi za kigeni ziliingia katika maji yake bila kibali, na baadaye wakatokea maharamia waliokuwa wakiteka meli na kudai fidia. Mwaka 2008 makumi ya meli zilishambuliwa, na hata meli zilizobeba chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kutoka Mombasa kwenda Mogadishu, zilihitaji kusindikizwa. Tarehe 8 Desemba mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni yake ya majini iliyopewa jina la Atalanta.

Sweden ilikubali kushiriki. Meli mbili za kivita, Stockholm na Malmö, pamoja na meli ya huduma Trossö, zilianza kazi katika Ghuba ya Aden mwezi Mei mwaka 2009 zikitumia bandari ya Djibouti. Meli hizo mbili zilitengenezwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya Bahari ya Baltiki. Tarehe 26 Mei mabaharia wa Malmö waliwakamata watu saba walioshukiwa kuishambulia meli ya mizigo. Tayari mwezi Machi mwaka huo Kenya ilikuwa imekubaliana na Umoja wa Ulaya kuwapokea washukiwa wa uharamia, na ndiyo maana mahakama ya Mombasa ilijikuta ikisikiliza kesi za matukio yaliyotokea mbali na ufukwe wa Kenya.

Syrén aliacha ukuu wa majeshi mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 2009, wiki chache kabla meli hizo hazijaanza kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na Jenerali Sverker Göranson. Lakini hakuiacha Bahari ya Hindi. Mwezi Novemba mwaka huo alikwenda Brussels kumrithi Jenerali Henri Bentégeat wa Ufaransa kama Mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi ya Umoja wa Ulaya. Mwenyekiti huyo hana askari wa kuwaamrisha. Kazi yake ni kuyakusanya maoni ya wakuu wa majeshi wa nchi wanachama na kuyafikisha kwa wanasiasa. Kwa miaka mitatu, mashauri ya kijeshi kuhusu Somalia yalipita mezani pake.

Mwezi Aprili mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulianza kuwafunza askari wa Somalia nchini Uganda, katika kambi ya Bihanga iliyoko magharibi mwa nchi hiyo, kwa ushirikiano na jeshi la Uganda. Mwaka huo huo Admirali Jan Thörnqvist wa Sweden aliongoza kikosi cha meli za Atalanta kutoka kwenye meli ya Carlskrona. Mwezi Machi mwaka 2012 nchi wanachama zilikubaliana kwamba operesheni hiyo iweze kufika hadi ufukweni mwa Somalia, na mwezi Mei helikopta zilishambulia vifaa vya maharamia kwenye pwani hiyo. Katika miaka iliyofuata uharamia ulipungua sana. Hata hivyo meli za kigeni huja na kuondoka, na mwishoni mwa mwaka 2023 visa vya utekaji nyara vilianza kuripotiwa tena.

Mwaka 2012, muhula wake ulipokuwa unafikia ukingoni, Syrén alitoa onyo lililosikika mbali. Alisema kwamba nchi nyingi za Ulaya, kwa jinsi zilivyokuwa zikikata bajeti, hazitaweza kuendelea kuwa na sehemu muhimu za majeshi yao, na alitaja majeshi ya anga kuwa mfano wa wazi. Hakuwa mwanaharakati wala mwanasiasa wa upinzani. Alikuwa mtu aliyeyasimamia mageuzi hayo kwa mikono yake, na aliyejua kile kilichobaki ghalani.

Matukio hayakukawia. Bunge la Sweden lilikuwa limepitisha mwaka 2009, kwa tofauti ya kura tatu tu, sheria ya kusimamisha utumishi wa lazima jeshini wakati wa amani, nayo ikaanza kutumika mwaka 2010. Mwanzoni mwa mwaka 2013 magazeti yalijaa maneno ya Jenerali Göranson kwamba Sweden ingeweza kujitetea kwa muda wa wiki moja hivi dhidi ya shambulio la eneo moja. Mwezi Machi mwaka huo ndege za kivita za Urusi zilifanya mazoezi usiku wa Pasaka karibu na anga ya Sweden, na hakukuwa na ndege ya Sweden iliyopaa kuzikabili.

Kisha Oktoba mwaka 2014, miezi michache baada ya Urusi kuitwaa Crimea, visiwa vya Stockholm vikarudi katika vichwa vya habari. Kwa wiki moja meli na mashua za kasi zilizunguka zikitafuta chombo cha kigeni chini ya maji. Mwezi uliofuata jeshi lilitangaza kwamba limethibitisha kuwa nyambizi ndogo ya kigeni iliingia, bila kutaja ni ya nani. Waswidi wenye umri wa kukumbuka mwaka 1982 waliona kama filamu ile ile inaonyeshwa upya, ila safari hii walinzi wengi hawakuwepo tena majabalini.

Tangu hapo gurudumu limezungushwa kinyume. Mwaka 2016 askari wa kudumu walirudi Gotland, na mfumo wa makombora ya pwani yanayobebwa na malori, uliokuwa umeondolewa kazini, ukarudishwa. Mwaka 2017 serikali iliurejesha utumishi wa lazima, mara hii kwa wavulana na wasichana. Mwaka 2021 kikosi cha askari wa majini cha Göteborg, kile kilichovunjwa kwa uamuzi wa 2004, kiliundwa upya. Tarehe 7 Machi mwaka 2024 Sweden ikajiunga na jumuiya ya kujihami ya NATO, na kufunga ukurasa wa karne mbili za kutojifunga na upande wowote.

Je, historia itamhukumu vipi Jenerali Syrén? Wako wanaosema kwamba kizazi chake cha viongozi kilibomoa nyumba kwa kuwa siku hiyo mvua haikunyesha. Wengine hujibu kwamba jeshi la majabalini lilikuwa limechakaa, na kwamba askari waliokwenda Chad, Afghanistan na Ghuba ya Aden walirudi na uzoefu ambao mzinga usiohama usingewapa. Hoja zote mbili zina uzito. Askari wale waliwalinda wakimbizi wa kweli na kusindikiza chakula cha kweli, na mtu aliyekuwa akingoja gunia la mahindi Mogadishu hakujali sana kama Gotland ina kikosi au haina.

Lakini kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulikubali. Mzinga unaweza kununuliwa tena, na ngome inaweza kupakwa rangi. Kinachochukua muda mrefu ni kumpata mtu anayeujua mkondo usiku, anayeitofautisha sauti ya mashua ya mvuvi na ya mgeni, na anayeweza kumfundisha kijana wa miaka 19 elimu hiyo. Kamba ya mafunzo ikikatika kwa miaka 15, kuifunga tena huhitaji zaidi ya miaka 15.

Somalia inalithibitisha jambo hilo kwa namna ya uchungu zaidi. Sweden ilipunguza walinzi wake kwa hiari, kwa kura za Bunge, na ilikuwa na mali na amani ya kuwarudisha ilipoona haja. Somalia iliwapoteza walinzi wake katika vita, na meli za mataifa makubwa zilizokuja baadaye ziliweza kuwafukuza maharamia, lakini hazikuweza kuwa walinzi wa pwani badala ya Wasomali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa baharini una tatizo la ziada, kwa kuwa hauonekani mpaka mgeni awe amekwisha kupita.

Ngome ya Vaxholm ingali imesimama pale pale kwenye mkondo wake, ikiwa makumbusho, kama Ngome ya Yesu ilivyo kule Mombasa. Meli zinazokwenda na kutoka Stockholm hupita jirani na visiwa hivyo zimejaa abiria na magari. Na kusini mwa mji, kituoni Berga, vijana wa kike na wa kiume hujifunza kuendesha mashua za kasi katikati ya mawe yale yale ambayo maafisa wa zama za Syrén walitakiwa kuyajua kwa moyo.